Nguzo Zilizopinduliwa

Katika kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ziko nguzo kadhaa zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa ya kuwa Askofu Steere, aliyeanza kulijenga mwaka 1873, alitoka safarini akakuta mafundi wamezipindua, kwani nguzo za namna ile hawakupata kuziona tangu kuzaliwa kwao. Akaziacha vivyo hivyo. Wageni waendao kuzitazama hucheka. Nasi tulicheka, tulipopelekwa pale tungali wanafunzi. Siku hizi hatucheki sana, maana twawaona watu wengine wakipindua mambo kwa namna ile ile, nao si mafundi wasiojua kusoma, bali ni vijana waliotoka chuo kikuu na shahada zao mkononi.

Twaeleza. Katika mji wetu wa pwani ilikuwako nyumba ya walimu, ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa dhiraa moja. Lipu ilipoanza kubanduka akaletwa kijana msomi aitazame. Alikuwa kijana mwenye adabu, tena mwenye akili. Hatumsemi kwa ubaya. Akaamuru chokaa yote ikwanguliwe, na kuta zipigwe saruji. Mzee mmoja, fundi wa zamani, aliyekuwa ameketi barazani, akamwambia, "Bwana mdogo, ukuta huu ukiuziba pumzi utaoza." Kijana akatabasamu, akamwamkia vizuri, akaendelea na kazi yake. Masika ya pili hayajaisha, saruji ikapasuka ikaanguka vipande vipande pamoja na uso wa mawe. Chumvi ikatoka ukutani kama unga. Na ncha za boriti zilizoingia ukutani zikawa laini kama muhogo uliovunda. Nyumba ile haikaliki hata leo.

Wala mzee yule hakusema uchawi. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya nchi kutoka chini. Chokaa ina vitundu vidogo mno, nayo huyaachia maji yale yatoke hewani polepole. Saruji huyafunga ndani. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, huchukua chumvi pamoja nayo, na chumvi ikauka ndani ya jiwe, hukua na kulivunja. Hii ni elimu ya maumbile kamili, yenye sababu na matokeo, yastahili kuandikwa ubaoni mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu kama elimu nyingine yoyote. Kijana wetu alisoma miaka mingi, lakini jambo hili hakuambiwa na mtu hata mmoja, ila na mzee asiye na cheti, na kwa mzee asiye na cheti hakuzoezwa kujifunza.

Basi neno letu ndilo hili: mwanafunzi wa usanifu wa majengo, na mwenziwe wa mipango ya miji, asipewe shahada katika vyuo vikuu vyetu mpaka amejifunza ujenzi wa nchi yake kwa mikono yake mwenyewe, chini ya fundi, na kutahiniwa. Hatutaki picha za majumba ya kale zitundikwe ukumbini. Hizo zipo tayari.

Hatusemi kwamba walimu wa vyuo wamelala. Nairobi hufundisha usanifu tangu mwaka 1956, na Dar es Salaam kipo Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata cheo hicho mwaka 2007. Mwaka 1975 kilitoka kitabu cha Usam Ghaidan juu ya mji wa Lamu, kazi ya mtu aliyeutazama mji kwa macho yaliyo wazi. Tena Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Haya yote ni mema. Lakini kuipima nyumba ni jambo moja na kuijenga ni jingine, wala orodha haichomi chokaa.

Fikirini, ndugu wasomaji, nyumba ya mawe ya Lamu. Boriti za mikoko ni fupi. Kwa hiyo chumba hakizidi meta tatu kwa upana, wala hapana fundi awezaye kushindana na jambo hilo. Waliojenga hawakulalamika. Walifanya vyumba virefu vyembamba, wakavipanga kimoja nyuma ya kingine kutoka kiwanda kilicho wazi juu. Na kila uingiapo ndani hatua moja, mwanga wapungua, sauti ya njia yafifia, na mambo ya wenyeji yazidi kusitirika. Mlangoni pana daka lenye baraza. Mgeni hukaa pale akazungumza, naye hajaingia, wala hajafukuzwa. Na kutoka hapo njia hugeuka kona, asipate kuona ndani hata mlango ukiwa wazi. Nje vichochoro ni vyembamba, ukuta wa huyu wampa kivuli yule. Binti akiolewa, baba humwongezea ghorofa. Na mahali pakimwia padogo, huweza kujenga wikio, yaani chumba kipitacho juu ya njia hata ukuta wa ng'ambo, watu na punda wakipita chini yake.

Na wikio halijengwi na mtu mmoja. Lazima jirani akubali kubeba boriti ukutani mwake. Lazima ijulikane maji ya mvua ya paa hili yatamwagikia wapi, na dirisha hili latazama uwanja wa nani, na njia iliyo chini ni ya nani. Hapo mna sheria nzima ya mji, iliyofanyika kwa mapatano ya watu wanaojuana kwa majina. Twawauliza walimu wa mipango ya miji: mwanafunzi wenu amekwisha kulipa swali hili saa moja la mtihani wake? Huchora barabara pana na viwanja sawasawa, kila nyumba peke yake katikati ya ua kama mtu aliyegombana na wenziwe, na jua la saa saba halina pa kuzuilika.

Wako watakaotujibu ya kuwa twataka kuwarudisha watu gizani na moshini. Twakubali kwamba nyumba nyingi za kale zilikuwa na giza, na moshi wake uliwaumiza mama zetu macho. Twakubali, tena kwa uchungu zaidi, kwamba majumba ya mawe ya pwani mengi yalijengwa na kutumikiwa kwa jasho la watumwa, wala hatuzitamani siku zile. Lakini kuta hazikutenda dhambi ile, na maarifa ya mikono iliyozijenga ni mali ya wajukuu wa wale waliotumikishwa sawa na wajukuu wa mabwana. Saruji na bati vina kazi yake. Sisi wenyewe twaandika haya chini ya bati, na saa nane za mchana twajuta.

Wengine husema fundi asiyesoma hana la kumfundisha msomi. Watu hawa na waende Misri. Hassan Fathy alikuwa mwalimu wa usanifu katika Cairo tangu mwaka 1930. Wakati wa vita kuu ya pili mbao na chuma zilikuwa adimu, naye alijaribu kujenga paa la kuba kwa matofali ya udongo, likaanguka. Mwaka 1941 akaenda Aswan, akawakuta mafundi wa Kinubi wakijenga paa zilizopinda kwa matofali ya udongo bila mbao za kushikilia: safu ya kwanza waliilaza ukutani kwa kuinamisha, na kila safu ikaegemea iliyotangulia, hata chumba kikafunikwa. Vitabu vyake havikumpa jambo hilo. Hakuona haya. Aliwachukua mafundi wale, akajenga nao kijiji cha New Gourna karibu na Luxor, na habari zake zikasomwa ulimwenguni kote.

Tusifiche lililobaki. Kijiji kile hakikumalizika, na watu wengi waliokusudiwa kuhamia walikataa, kwa kuwa amri ya kuhama ilitoka kwa wakubwa. Fathy alijifunza kwa mafundi namna ya kujenga; kumhamisha mtu asiyetaka hakuna fundi awezaye kukufundisha.

Nasi jambo hili twalijua bila kwenda Misri. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu wa Tanzania walihamishiwa vijijini, na mahali pengi nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara. Ugogoni watu walizoea tembe, nyumba ya paa la udongo izungukayo uwanja, na ng'ombe katikati wakilindwa usiku na nyumba yenyewe. Mtu aliyepewa kiwanja mstarini na kuambiwa ajenge kama jirani yake aliulizwa lini ng'ombe walale wapi? Waliochora mistari ile hawakuwa watu wabaya. Walichora walichofundishwa.

Tena kuna hatari ya mwili. Siku ya 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Jengo la kale ni mzigo mzito ulioshikana kwa namna yake, na anayeligusa yampasa kuijua namna hiyo kabla ya kupanda jukwaa. Majengo ya jinsi hii yako mengi Unguja, Lamu na Mombasa, nayo yatahitaji watu kila mwaka.

Shida iliyobaki ni ya cheti. Chuo husema hakiwezi kumlipa mwalimu asiye na shahada. Basi na kimwite jina lingine wakipendalo, mradi apewe mshahara wa mwalimu, na alama zake zihesabiwe mtihani utakapokuja; maana akiitwa siku moja tu kama mgeni wa kuonyeshwa, atapewa soda na kurudishwa kwao. Kazi yenyewe yataka muda. Matumbawe hupangwa juu ya magogo yakachomwa, kisha hutiwa maji, na chokaa huachwa miezi ikapoe, wala haikubali kuharakishwa kwa sababu muhula umekwisha. Shimo likichimbwa mwaka wa kwanza wa masomo, chokaa itakuwa tayari mwanafunzi aingiapo mwaka wa pili. Nafasi ya shimo moja haikosekani katika chuo chochote. Mzee yule wa barazani tumemwuliza, naye amesema yu tayari kwenda, akitumiwa nauli.