Wabuddha hawasemi roho inahama



Wanafunzi wetu wakiulizwa Wabuddha wanaamini nini juu ya kifo, jibu huwa moja: roho ikitoka huingia katika mwili mwingine, hata wa mnyama. Tunaliita jambo hilo tanasukh, tunalipinga kwa nguvu zote, na tunaona tumemaliza kazi. Tatizo ni kwamba tunapinga kitu ambacho Buddha mwenyewe alikipinga.

Katika vitabu vyao vya Kipali kimo kisa cha mtawa Sati, mtoto wa mvuvi, aliyekuwa akisema kwamba ni fahamu ile ile moja inayotembea kutoka maisha haya hadi mengine. Buddha alimwita, akamkemea mbele ya wenzake kwa kumzulia maneno. Kwa mafundisho yake, hakuna roho ya kudumu ndani ya mtu. Kilichopo ni mnyororo wa sababu, wenye pete 12. Kwanza ni kutojua. Kutojua huzaa matendo ya nia, nayo huzaa fahamu. Kisha huja akili na mwili, milango sita ya hisia (akili nayo wanaihesabu), kugusana na vitu, kuonja raha na maumivu, kiu ya kutaka zaidi, kung'ang'ania, kuwa, kuzaliwa, na mwisho uzee na kifo. Kiu hiyo ikikatika pamoja na kutojua, kuzaliwa upya nako kunakoma, na ndiyo nirvana. Vijana wanaodhani kuzaliwa upya ni nafasi ya pili ya kufurahia dunia wameelewa kinyume kabisa: kwa Wabuddha hilo ni balaa la kutafutiwa njia ya kutoka.

Sasa kama hakuna roho, nani anazaliwa? Swali hili limo katika kitabu chao cha mazungumzo ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi ya India karne ya 2 kabla ya Nabii Isa (a.s.). Nagasena anataja taa inayowashwa kwa taa nyingine: hakuna kilichohama, lakini moto wa pili umetokana na wa kwanza. Na juu ya malipo anataja mwizi wa maembe: hawezi kujitetea kwamba maembe aliyochuma siyo lile lililopandwa.

Hapa ndipo tunapoachana nao kweli. Embe limebadilika, sawa, lakini mwizi aliyechuma na anayeshtakiwa ni mtu mmoja. Kwao anayelipwa si yule yule wala si mwingine. Kwetu atakayesimama Siku ya Kiyama ni yule yule aliyetenda. Tena mnyororo wao hauna Muumba aliyeuanzisha. Al-Biruni alipoandika juu ya itikadi za Wahindi, karibu mwaka 1030, alizieleza kama wenyewe walivyozisema, na hakuna aliyemwona amepungua imani.

Wala watu hawa hawako mbali. Mwaka 2005 mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabuddha huko Uganda, karibu na Entebbe. Kijana wetu akikutana na mwanafunzi wa huko, akaanza na hoja ya roho kuhama, atajibiwa kwa sentensi moja, naye atarudi nyumbani akidhani dini yake ndiyo iliyokosa jibu.

Wallahu a'alam.