SI MVIVU, NI MGONJWA MARA MBILI

Ndugu Wafanyi Kazi,

Mara nyingi tumesikia mnyapara akisema: "Huyu ana sukari tu, mbona kazini amelegea hivi? Ni uvivu." Nasi tumecheka pamoja naye. Leo twasema neno hilo ni la uwongo, na twaona haya kwa kuwa tulicheka.

Ugonjwa wa sukari hauna Jumapili. Kila siku mtu achunge chakula, ameze dawa au ajidunge sindano, aogope kidonda cha mguu, ahesabu nauli ya kliniki. Madaktari wameona kuwa wenye sukari hupatwa na ugonjwa wa huzuni, uitwao sonona, mara mbili hata tatu zaidi ya watu wengine. Usingizi hupotea, nguvu hukwisha, mtu hujiona hafai kitu. Akifika hapo huacha dawa. Sukari hupanda, na huzuni nayo huzidi. Magonjwa mawili humshambulia mtu mmoja.

Je, mwajiri hufanya nini? Humwandikia barua ya onyo! Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Siku 14 zatosha homa, hazitoshi ugonjwa wa maisha. Lakini sheria yenyewe yasema zisipungue hizo, haikukataza kuzidisha. Kuzidisha ni kazi ya chama katika mapatano na waajiri.

Twadai mambo matatu. Kwanza, anayekwenda kliniki asikatwe mshahara wa siku hiyo. Pili, kliniki ipimayo sukari imwulize mgonjwa na hali ya moyo wake, maana sonona ina matibabu: mazungumzo na mshauri, na dawa pia. Tatu, mgonjwa asipewe barua ya onyo kabla hajaonwa na daktari.

Na sisi wenyewe tuache kusema "jikaze". Ndugu aliyezoea kusema mkutanoni, na sasa amenyamaza, tumfuate nyumbani tuketi naye. Akisema amechoka kuishi, tusimwache peke yake. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Chama kisichomtazama mgonjwa wake ni chama cha kukusanya ada tu.

Umoja ni Nguvu.