Mwenye Dishi Ndiye Anayetoa Jina

Watu wangu, mtu akikwambia "wanasayansi wamegundua kitu angani", unaona sura ya nani? Mimi nilikuwa naona mzee wa Ulaya, koti jeupe, miwani. Hadi nikakutana na Inkathazo.

Inkathazo ni galaksi. Jina ni la Kixhosa na Kizulu, maana yake "shida". Habari zake zilitoka Januari 2025, na aliyeongoza utafiti si profesa mwenye mvi. Ni Kathleen Charlton, mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Darubini waliyotumia ni MeerKAT, madishi 64 kwenye nyika kame ya Karoo, Afrika Kusini.

Sasa shida iko wapi? Tumezoea kuambiwa shimo jeusi linameza tu. Zii, linatema pia. Katikati ya galaksi kama hii kuna shimo jeusi zito kuliko jua mara mamilioni, hata mabilioni. Gesi inalizunguka ikipata moto balaa, na nyingine haiingii kamwe. Nguvu za sumaku zinairusha nje kwa mikondo miwili, mmoja huku, mwingine kule, kwa kasi inayokaribia ya nuru. Mikondo hiyo inang'aa kwa mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayokuletea FM kwa matatu. Bila dishi, huioni.

Ya Inkathazo imeenea miaka ya nuru milioni 3.3 kutoka ncha hadi ncha. Hiyo ni galaksi yetu nzima mara 32! Halafu iko katikati ya kundi la galaksi, mahali pamejaa gesi ambayo ingeizuia kukua hivyo. Na mkondo mmoja umepinda. Imewasumbua wataalamu, ndio maana ikaitwa Shida.

Point yangu ni hii. Waliogundua majitu mengine kwa darubini ya LOFAR kule Ulaya waliyaita Alcyoneus mwaka 2022 na Porphyrion mwaka 2024. Hayo ni majina ya majitu wa hadithi za Wagiriki. Wa MeerKAT wakachagua lugha ya nyumbani. Mwenye dishi ndiye anayetoa jina.

Na sisi je? Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika kwenye SKA, mradi mkubwa ambao MeerKAT itaingizwa ndani yake. Ghana walichukua dishi kuukuu la satelaiti pale Kuntunse, wakaligeuza darubini ya redio, likazinduliwa 2017. Kituo chetu cha satelaiti cha Longonot kilitajwa kwenye mpango huohuo. Ulikuwa unajua? Mimi sikujua, na nimepita hiyo barabara mara ngapi sijui.

Najua mtasema, "Unga iko juu, wewe unatuletea galaksi?" Sawa. Lakini dishi linataka fundi wa umeme, welda, mtu wa kompyuta, mtu wa kuchambua data. Hizo ni kazi, na ni sisi tunazitafuta. Kwa hivyo tuulize, tena kwa sauti: Longonot imefika wapi?

Siku tukipata jitu letu angani, wewe ungeliita nini? Tuambiane hapo chini.