MALEZI NA SHULE: Kipaji cha Mtoto Kisigeuke Msiba



Maonyesho ya sayansi yanapokaribia shuleni, nyumba nyingi za kambini hugeuka karakana. Mtoto huomba waya, makopo na mota ya redio mbovu. Baba hufurahi, mama hulalamika kwamba sufuria yake haionekani. Jambo hilo ni jema, kwani taifa hujengwa na watu wanaojaribu. Lakini kila kitu kinachoundwa nyumbani hatimaye huwekwa mezani mbele ya umati wa watoto wengine. Hapo ndipo wazazi tunapopaswa kuwa macho.

Nilipokuwa mwalimu, kabla ya kuhamishiwa ofisini, kijana mmoja wa darasa la saba alileta mashine ya mvuke aliyoiunda kwa kopo la maziwa. Aliliziba kopo barabara, asiache tundu la kutolea mvuke. Maji yakichemka na kuwa mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko yalipokuwa maji. Kopo lilipasuka mbele ya waamuzi. Kijana aliungua mkono, na msichana mdogo aliyesimama mstari wa mbele aliungua shingo. Wote wawili walipona, lakini kovu la yule msichana lilibaki. Kosa halikuwa la kijana. Lilikuwa letu sisi walimu, maana asubuhi ile hakuna aliyemwuliza mvuke utatokea wapi.

Wenzetu wa Marekani wana mashindano makubwa ya sayansi na uhandisi kwa wanafunzi wa sekondari, yaliyoanza mwaka 1950 mjini Philadelphia, na ambayo sasa hukutanisha vijana wa nchi nyingi. Huko ipo kamati ya usalama, na kila meza lazima ikaguliwe na kuidhinishwa nayo kabla ya waamuzi kuanza kazi. Moto, kemikali za hatari, vitu vyenye makali, wanyama walio hai, silaha na risasi haviruhusiwi mezani. Mtoto huonyesha picha, michoro na daftari la kazi yake. Wala hapotezi kitu, kwani waamuzi hupima fikira, si kishindo.

Kwa mfano huo, yafaa tufuate kanuni hizi:

1. Silaha na mabaki yake. Hii ni kanuni ya kwanza kwetu tuishio kambini. Ganda la risasi, kipande cha bomu, au chuma chochote kilichookotwa karibu na uwanja wa shabaha kisiwe sehemu ya uvumbuzi. Mtoto hawezi kutambua kilichokufa na kilicho hai. Akikiona asikiguse, akumbuke mahali, aondoke, amwarifu mtu mzima.

2. Betri. Betri ya gari ina volti 12 tu, hivyo wengi huidharau. Hata hivyo, spana ikiunganisha vichwa vyake viwili, hupita umeme mwingi kiasi cha kuchoma ngozi na kuyeyusha chuma. Ndani yake mna asidi iwezayo kupofusha macho, na inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Betri ya simu nayo ikitobolewa au ikivimba huweza kuwaka moto. Mtoto atumie betri kavu za tochi.

3. Umeme wa ukutani. Volti 240 huua. Waya usiwe umechunika, wala usiungwe kwa kusokotwa na kufungwa karatasi. Televisheni kuukuu isifunguliwe na mtoto, kwani baadhi ya sehemu zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Fundi au mwalimu ajuaye akague kila kifaa kabla hakijawashwa.

4. Moto na mvuke. Petroli, mafuta ya taa, spiriti na gesi visiingie ukumbini. Chombo kilichozibwa kisichemshwe kamwe. Jiko jipya lisilokula kuni nyingi laweza kuwashwa nje, mwalimu akiwapo na watazamaji wakiwa mbali; mezani liwekwe likiwa baridi.

5. Vinavyozunguka. Mkanda, gia na pangaboi vifunikwe kwa wavu au ubao. Kidole cha mtoto wa darasa la kwanza ni chembamba, na hupita pasipopita cha mtu mzima.

6. Viumbe hai. Aliyeunda mashine ya kuangulia vifaranga alete mashine na picha za vifaranga, awaache wenyewe nyumbani. Kelele na mikono ya watu huwatesa, nao huweza kuleta maradhi.

7. Ukumbi. Meza zisizibe mlango. Waya usikatize njia ya watu. Pawe na ndoo za mchanga, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye wa kuzima umeme kwenye swichi kuu. Moto wa umeme au wa mafuta usimwagiwe maji.

Baba askari, wewe hukabidhiwi bunduki bila kuikagua, wala huirudishi ghalani kabla ya kuhakikisha chemba ni tupu. Wala hufanyi hivyo kwa woga. Desturi hiyo hiyo uilete nyumbani. Jioni moja kabla ya maonyesho, keti na mwanao mbele ya kitu alichokiunda, umwulize maswali matatu: Kitu hiki kikiharibika, kitamwumiza nani? Utakizimaje upesi? Je, picha au mfano wa ubao hautatosha? Asipoweza kujibu, kazi bado haijaisha, na msaidie kuimaliza.

Huenda ukalazimika kumkataza, naye akanuna. Vumilia. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Uvumbuzi uliokataliwa leo waweza kurekebishwa na kurudi mwakani. Jicho lililopofuka halirudi.