Somo, mfundishe bi harusi na mashine ya boti



Juzi tulikuwa tunamsindikiza bi harusi wetu kutoka Lamu kwenda Pate. Hina ingali mbichi, vikuba vifuani, harufu ya udi imejaa kwenye mabuibui. Tulichelewa kuondoka, kama ilivyo desturi ya harusi zetu, na Mkanda hausubiri mtu. Pale kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakipwa boti huweza kukwama. Tulikuwa karibu kutoka, boti ikapanda fungu.

Nahodha, kijana wa watu, akaikaza mashine ijinasue kwa nguvu. Tope likatibuka, boti ikatoka. Hazikupita dakika nyingi king'ora cha mashine kikaanza kulia. Yeye akazidi kwenda. Sisi wanawake tukanyamaza, kila mmoja na tasbihi yake.

"Zima mashine, mwanangu. Haikojoi," alisema shangazi yetu mmoja, mjane wa mvuvi.

Wengine tulicheka chini ya mitandio. Lakini shangazi alikuwa anajua anachokisema. Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari. Huyavuta kupitia matundu yaliyo chini karibu na panga, na impela, kigurudumu chenye mabawa ya mpira, huyasukuma juu mpaka ndani ya mashine. Mengine hutoka ubavuni kama uzi mwembamba, na huo uzi ndio unaokwambia kuwa mashine inapata maji. Ukikatika, nayo ikaendelea kuunguruma, inajichoma yenyewe.

"Naam, mama," akasema kijana, akazima. Tukatia nanga kwenye kina tusichukuliwe na mkondo. Akainua mashine, akayasafisha matundu yaliyojaa tope na majani ya bahari. Bi harusi akatoa pini ya mtandio wake, nayo ikatumika kuzibua taratibu kile kitundu cha ubavuni. Mmoja wetu alitaka kuimwagia mashine maji baridi, shangazi akamzuia: chuma cha moto kikipoa kwa ghafla huweza kupasuka. Tukangoja kipoe chenyewe. Alipowasha tena, aliiacha ingurume polepole huku macho yote yakiwa ubavuni. Maji yalidondoka, yakatoka na mchanga, kisha uzi ukarudi. Tukaenda mwendo wa taratibu mpaka Mtangawanda, Alhamdulillah.

Kesho yake fundi aliifungua, akakuta mabawa ya impela yameliwa na mchanga. Ikabidi ibadilishwe, na mashine ioshwe kwa maji matamu mpaka chumvi na mchanga vitoke. Kwa hiyo tusidanganyike: kuzibua kitundu kulitufikisha nyumbani, lakini dawa ilikuwa kwa fundi. Mashine iliyokula tope haifai kurudishwa safarini kwa sababu tu imewaka.

Sasa tuseme lililo moyoni. Tulikuwa wanawake tisa kwenye ile boti, wote wazaliwa wa visiwa, na aliyejua ni mmoja tu. Naye alijua kwa sababu marehemu mumewe alimfundisha. Sisi wengine tumevuka bahari maisha yetu yote tukiwa kama mizigo.

Wapo watakaosema kwamba mashine ni kazi ya wanaume, na mwanamke mwenye haya hamwelekezi nahodha. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Haya si kunyamaza wakati roho za watu ziko hatarini. Shangazi hakupandisha sauti, hakumvunjia kijana heshima, na buibui lake halikumteleza. Alisema neno moja la kweli kwa wakati wake. Na wale waliokimbilia tasbihi, nasi tukiwa miongoni mwao, tunaijua hadithi ya bedui na ngamia wake: alifundishwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola. Kuutazama ule uzi wa maji ndiko kumfunga ngamia kwetu sisi watu wa visiwani.

Somo wa bi harusi humfundisha mengi: singo, udi, mapishi, namna ya kuishi na mume na wakwe. Ni elimu nzuri, tusiiache. Lakini bi harusi huyu kesho atabeba mtoto mwenye homa usiku kwenda hospitali kwa boti. Atasafiri akiwa na mimba. Basi somo na amwongezee saa moja ya mafunzo: ajue maji yanajaa na kupwa lini, ajue kumwambia nahodha asubiri, ajue mashine inakojoa wapi, na awe na ujasiri wa kusema "zima" kwa adabu.

Na nyinyi makungwi na mashangazi mnaoyajua haya, msiyafiche. Tufundisheni tungali pamoja.

Mola awajaalie maharusi wetu mapenzi na rehema, na awavushe salama. Amin.