Ukipigiwa Hodi, Itika!

Huku Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, kusubiri si jambo geni. Livingstone alikaa hapa tangu Machi 14 mpaka Agosti 25, 1872, akingojea wapagazi kutoka pwani. Mimi nilingoja siku tatu tu, nusura nidate!

Nilichukua chipu ya ATmega8, ambayo haina USB yake, nikaipa V-USB, programu huria ya Objective Development ya Austria. Ndiyo inayoifundisha chipu kuongea USB. Nikachomeka kwenye kompyuta ya shangazi. Kimya!

Shangazi akaniangalia. "Baba, hela yangu ya kuku ndiyo imeishia hapo?" Aibu tupu.

Kosa la kwanza, nyaya za data hazitaki volti 5. Kila waya uwekee zena ya volti 3.6 na rizista ya omu 68. D+ iende mguu wa INT0. D- ipewe rizista ya kiloomu 1.5 kwenda kwenye umeme, ndipo kompyuta ijue kuna mgeni.

Kosa la pili lilikuwa ubishoo. Niliiambia chipu iwashe taa, isinzie sekunde nzima, izime. Kumbe usbPoll lazima iitwe kabla milisekunde 50 hazijapita! Kompyuta inapiga hodi, chipu iko usingizini, basi mgeni kakataliwa.

Nikaufuta ule usingizi. Kompyuta ikalia "ting!" Shangazi akacheka: "Haya, na kuku wangu je?"

Hapo, washikaji, sina jibu. Wiki ijayo!