Soko la Kasenyi Liwe la Mlimaji na Mvuvi

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wa migodini: dhahabu hailiwi. Mimi karani wa mgodi naona jinsi mshahara unavyoishia sokoni.

Zamani za Wabelgiji migodi ya Kilo-Moto ililishwa kwa amri. Wanakijiji walilazimishwa kulima na kupeleka chakula kwa bei waliyopangiwa. Tulidhani tarehe 30 Juni 1960 ilimaliza mambo hayo. Kumbe amri imeondoka, vizuizi vimebaki!

Toka Bunia mpaka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, ni kilomita 50 na zaidi, kupitia Bogoro, mahali palipomwagika damu nyingi tarehe 24 Februari 2003. Mama mwenye kapu la sangara akipanda mlima hulipa kizuizini; mwenye muhogo akishuka hulipa vilevile, halafu hulipa tena sokoni. Anayelipa mwisho ni nani, kama si mtoto wako anayengoja chakula? Na tangu vita vya Djugu vilipowaka tena, Desemba 2017, wakulima wengi wamefukuzwa mashambani. Aliyebaki na jembe tusimkamue.

Twataka hivi: asubuhi, kabla ya mchuuzi wa jumla kugusa kitu, mlimaji na mvuvi wawauzie wenyewe watu wa nyumbani. (Mchuuzi atanung'unika. Na anung'unike!) Kodi nayo iwe moja tu, mlangoni pa soko, kwa risiti.

Wakubwa watujibu: fedha za vizuizi huingia sanduku gani?